Kalsiamu na soriasisi: nimeze vidonge au niishie kwenye krimu?

Kiwiko_Kikavu: Wakuu, naomba ushauri. Nimeandikiwa krimu ya kalsipotrioli kwa mabaka ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba) kwenye viwiko na magoti. Karatasi ya dawa inataja kalsiamu. Je, nikimeza na vidonge vya kalsiamu nitapona haraka? Na kama kalsiamu inakuza seli, si magamba yatazidi?

Tabaka_la_Chini: Nianze na swali la pili, maana ndilo lenye nyama. Kalsiamu haizidishi seli za ngozi, inazipevusha. Seli huzaliwa tabaka la chini kabisa, ambako kalsiamu ni kidogo, kisha husukumwa juu. Kadiri zinavyopanda ndivyo kalsiamu inavyoongezeka, mpaka chini kidogo ya tabaka gumu la nje, halafu inashuka ghafla. Ongezeko hilo ndilo linaloziamuru ziache kugawanyika, zishikane na zijenge ganda.

Maabarani jambo hili huonekana wazi. Seli zikioteshwa kwenye kimiminika chenye kalsiamu ya milimoli 0.05 hivi kwa lita, zinaendelea kugawanyika. Ipandishe hadi 1.2 na zinaanza kubanana ndani ya saa chache, kisha hutoa involukrini, protini ya ganda. Kimeng'enya kinachozifunga protini hizo, transglutaminasi, bila kalsiamu hakifanyi kazi.

Kwenye baka la soriasisi mpangilio huo wa kalsiamu umevurugika. Safari ya wiki kadhaa inamalizika kwa siku chache, na seli zinafika juu zikiwa bado na viini. Hayo ndiyo magamba. Ila tusiibebeshe kalsiamu lawama zote. Anayewasha moto ni mfumo wa kinga, hasa interlukini 17 na 23, protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari.

Gramu_Nusu: Vidonge, hapana. Kalsiamu ya damu hulindwa na homoni isitoke nje ya milimoli 2.2 hadi 2.6 hivi kwa lita, kwa hiyo ya ziada hairudishi mpangilio wa ngozi. Kalsipotrioli ni ndugu wa vitamini D: inashika kipokezi cha vitamini hiyo ndani ya seli, inapunguza mgawanyiko na kuhimiza upevukaji palepale ilipopakwa. Ukipaka nyingi mno huku unameza vidonge, unaweza kupandisha kalsiamu ya damu: kiu, mkojo mwingi, kichefuchefu, choo kigumu. Mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki kwa krimu ya mikrogramu 50 kwa gramu. Mwenye ugonjwa wa figo amwambie daktari kabla hajaanza.

Kipimo: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Nawa mikono ukimaliza, la sivyo itafika usoni na kuwasha. Kama unatibiwa kwa mwanga, paka baada ya mwanga, si kabla. Usiihukumu kabla ya wiki 4 hadi 8.

Kiwiko_Kikavu: Asante mkuu. Nina mafuta ya asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba. Naweza kuchanganya?

Gramu_Nusu: Usithubutu, asidi hiyo inaiua kalsipotrioli. Tumia salisiliki kwanza siku chache hadi magamba yapungue, osha vizuri, ndipo uanze krimu.

Tabaka_la_Chini: Niongeze jambo moja. Kuna hali ambayo kalsiamu ya damu huwa na uzito kweli: soriasisi ya usaha. Kalsiamu ikishuka sana, mfano tezi za parathiroidi (za shingoni, zinazodhibiti kalsiamu ya damu) zikiwa dhaifu, inaweza kuichochea, na kuirekebisha ni sehemu ya tiba. Vipele vya usaha vikitapakaa mwilini pamoja na homa, hiyo ni dharura ya hospitali. Wapime na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, kwa sababu ikiwa chini, kalsiamu ya jumla husomeka ndogo kuliko hali halisi: kwa kila gramu 10 kwa lita pungufu ya 40, kipimo cha kalsiamu huongezwa milimoli 0.2 hivi kwa lita.