African Queen: vita ya kwetu, meli ya kwetu, halafu sisi tumepewa kugombania kipisi cha sigara

Wakuu, leo nimekuja moto na sitaki kutulizwa. Kila zikitajwa muvi kali za zamani za vita lazima mtu aibuke na The African Queen ya 1951, na hapo zinaanza stori zilezile, oooh Katharine Hepburn aliharisha balaa wakati wa kushuti huku Afrika kwa sababu ya maji, oooh Humphrey Bogart na dairekta John Huston walipona kwa sababu walikuwa wanagida wiski tu, watu kicheko, wamemaliza. Hivi mmeiangalia ile muvi au mnasimuliana tu?

Maandishi ya mwanzo yanakwambia kabisa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Hapo ni kwetu jamani. Sasa angalia sehemu ya kanisani, Bogart anafika na boti lake, anatupa kipisi cha sigara chini, na wanaume wazima wanakirukia kama kuku waliomwagiwa mtama. Hiyo ndo kazi tuliyopewa. Punde Wajerumani wanachoma kijiji, watu wanaswagwa, na kuanzia hapo ni stelingi wawili wa kizungu, mto na viboko.

Na mto wenyewe eti Ulanga, wanateremka nao mpaka ziwani! Mtu wa Mahenge akisikia hiyo atacheka mpaka alie, maji ya Ulanga yanaingia Rufiji yanaishia Bahari ya Hindi. Haya, C.S. Forester alikuwa anatunga riwaya yake ya 1935 iliyozaa muvi hii, abuni anavyotaka. Kinachoniuma mimi ni hiyo meli.

Ile Louisa ya kwenye muvi, meli ya vita ya Wajerumani ambayo Bogart na Hepburn, anayecheza mmishenari, wanaifuata ziwani wailipue, chanzo chake ni Graf von Götzen, meli ya kweli ya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikajaza makasha kama 5,000, ikafika Dar, ikapanda reli ya kati mpaka Kigoma, ikaingia majini 1915. Hakuna mmishenari wala boti ya Bogart iliyoilipua. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 kusini ya Kigoma wakati wanakimbia, tena mashine wakazipaka grisi kwanza, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la LIEMBA. Ndiyo, Liemba hiyohiyo mliyolala juu ya magunia ya dagaa kwenda Kasanga.

Boti za Waingereza zilizopigana kweli Ziwa Tanganyika, zikiitwa Mimi na Toutou, zilivushwa milima ya Congo nchi kavu. Kulikuwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe, sawa, ila aliyefyeka pori, aliyejenga madaraja na aliyeshika kamba ni mtu mweusi, na jina lake hulikuti popote, wakati kamanda wao Spicer-Simson mpaka sketi aliyokuwa anavaa imeandikwa vitabuni. Wapagazi walikufa makumi elfu vita ile, njaa, malaria, kuhara. Hepburn kuharisha ni stori, mpagazi kuharisha mpaka kufa siyo stori! Hapo Kariakoo mnaponunulia kava za simu ndo palikuwa kambi yao.

Sisemi muvi ni mbaya. Bogart kacheza, alichukua Oscar yake pekee kwa hiyo, na picha alizopiga Jack Cardiff hata leo ni moto. Ila angalia hata kilichofuata. Peter Viertel aliyesaidia kuandika muvi akatoa riwaya ya dairekta anayewaza kuua tembo kuliko kazi iliyompeleka, Clint Eastwood akaigeuza muvi 1990. Yaani wana mpaka muvi kuhusu walivyotengeneza muvi, na humo mwenyeji kazi yake ni kumwonyesha mzungu tembo alipo, kisha afe.

Na nyie bongo muvi msijifiche. Kila mwaka sebule ya kukodi, mama mkwe, fumanizi, mtu kalogwa. Meli ipo, ziwa lipo, reli ipo, na hao wapagazi ni babu zetu, mtu akiuliza nyumbani hakosi ukoo wenye babu aliyebebeshwa mzigo wa jeshi akapotelea huko. Mwenye kujua filamu moja tu ya Kiswahili kuhusu wapagazi wa 1914-1918 aitaje hapa, na asiniletee habari za bajeti.