Maji ya kukwangulia wax ya sakafu yana madhara? Naombeni ushauri wakuu

Supavaiza72:
Habari za usiku wakuu. Mimi ni supavaiza kwenye kampuni ya usafi hapa Dar, tuna mkataba na jengo moja la maofisi. Kila mwezi tunakwangua wax ya zamani kwa stripa, yaani dawa ya kung'olea wax, na mashine yenye pedi nyeusi, halafu tunapaka mpya, mikono minne mpaka mitano, yaani tabaka juu ya tabaka. Sasa kuna kitu kinaninyima usingizi. Yale maji machafu yanayobaki yana madhara kwa mazingira au ni kama maji ya kudekia tu? Majibu ya kitaalamu tafadhali, matusi hapana.

Mama Shufaa:
Pole mdogo wangu. Mie nimedeki wodi miaka tisa, viganja vilichanika mpaka nikawa nashindwa kukanda unga, mume wangu ndo alikuwa anasonga ugali. Vijana wako wanavaa glavu kweli?

Ngosha wa Ilala:
Kila mwezi?? Mna hela za kuchezea. Chukua jiki changanya na ile asidi ya chooni, inang'oa kila kitu.

Fundi Bomba:
Ngosha usiue watu. Jiki na asidi vikikutana inatoka gesi ya klorini, mtu anakohoa mpaka anadondoka. Mleta mada, stripa kali pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inafika 13, maji safi ni 7, na kila namba moja ukipanda ni mara 10 ya ile ya chini yake, piga hesabu mwenyewe. Halafu wax nyingi za maofisini zina zinki, ndo inayoishikilia ile plastiki yake iwe ngumu, stripa ikishaivunja zinki yote inaishia kwenye ndoo, na zinki na samaki haviivi chungu kimoja. Ila hujasema unayamwaga wapi.

Supavaiza72:
Nje ya jengo mkuu.

Fundi Bomba:
Nje wapi? Kuna chemba ya majitaka, kuna mtaro wa mvua, kuna mchangani.

Supavaiza72:
Mtaro wa mvua. Usiku mmoja ni kama ndoo 15 za lita 20, ukijumlisha na za kusuuzia. Mtaro unaingia mto Msimbazi.

Mzee wa Jangwani:
Msimbazi! Kijana, pale bondeni watu wanalima mchicha, wanamwagilia maji yale yale, fungu linapandishwa sokoni unanunua wewe unawalisha wanao. Sisi utotoni tulikuwa tunavua kambale mle na tunaoga, mama anatuchapa kwa kuchelewa sio kwa kuugua. Mcheni Mungu.

Binti Mwambao:
Wazee mnamhubiria, mimi nauliza. Mkataba wenu na hilo jengo unasemaje kuhusu hayo maji? Maana mtu anayemwaga maji tu hakosi usingizi, kuna kitu unakificha kaka.

Supavaiza72:
Sawa, ngoja niseme. Mkataba unalipia gari la kunyonya majitaka liyapeleke mabwawa ya kusafishia majitaka ya Vingunguti, na kila mwezi kuna fomu ya kuthibitisha kwamba yamepelekwa, saini ni yangu, na gari halijawahi kuja hata siku moja, huu ni mwezi wa saba mfululizo, hela bosi anabaki nayo na mimi ananitoa 30,000. Lakini msinihukumu, mwanangu kaingia fomu wani mwaka huu, nikigoma kibarua kinaota nyasi kesho yake. Na nishamwambia bosi nitaendelea kusaini mpaka mkataba uishe Juni, sioni faida ya kuzua jambo sasa hivi. Na ule mto mbona ulishachafuka kabla yangu.

Ngosha wa Ilala:
Chai hii. Maofisi ya Dar ni taili tupu, taili nani anapaka wax? Akaunti yenyewe ya juzi. Subirini mtaona anatoa namba ya simu anauza sabuni za mimea.

Kaka Mkubwa TZ:
Nami nilishtuka. Kwanza anaomba jibu la kitaalamu, mara anaungama. Mods wauangalie huu uzi.

Mama Shufaa:
Wodi yetu ilikuwa na wax jamani, sio kila sakafu ni taili.

Supavaiza72:
Siuzi kitu. Lobi ni tarazo, korido za ghorofa ya 2 na ya 3 ni vinyl. Ngosha ungeshika stripa ungejua, ukiimwaga ukaacha dakika kumi wax inavimba inakuwa nyeupe kama ukoko wa uji, na vidole vinateleza hata ukisuuza mara tatu kwa sababu ni ngozi yako ndo inayeyuka. Jumapili nilienda mchana pale mtaro unapotokea. Ukutani kuna utando wa kijivu umeganda, ukiubandua unatoka kipande kizima. Hatua chache chini kuna binti wa miaka kama kumi anachota maji ya kumwagilia, na dumu alilobeba ni letu la stripa, jina la kampuni niliandika mwenyewe kwa maka peni. Akaniamkia, shikamoo. Nimerudi nyumbani nikafungua akaunti, ndo maana ni ya juzi.

Ngosha wa Ilala:
Basi mkuu. Samahani.

Fundi Bomba:
Sikia. Kukwangua kila mwezi sio lazima, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha ukitunza. Weka mikeka mirefu mlangoni, mchanga ndo unaokula wax. Katikati ya mwaka sugua juu juu tu, ongeza mkono mmoja. Wax zisizo na zinki zipo. Madumu tupu toboa, yasitoke hapo jengoni yakiwa mazima. Na hayo maji usiyapeleke Vingunguti makali hivyo, yale mabwawa yanaendeshwa na bakteria, kaulize DAWASA, wale wa majisafi na majitaka, kwanza wanayapokeaje.

Binti Mwambao:
Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi alipe. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakija, kwenye karatasi hakuna jina la bosi, kuna lako. Usisaini tena hata moja, na hiyo 30,000 usiipokee.

Supavaiza72:
Nimeongea na dereva wa gari la majitaka, tripu ni 120,000 ila anataka kibali ndo aje. Kesho asubuhi naenda DAWASA. Jumamosi tunakwangua ghorofa ya 3, fomu ya mwezi huu iko kwenye begi, sijaiandika kitu. Bosi kapiga simu mara mbili jioni hii, sijapokea.