Mada: "A" iliyoninyima chumba

Wakuu, habari za jioni. Niko Sinza, mwezi ujao naenda Leeds kusoma. Shemeji kanirudishia barua yangu ya chuo imejaa wino mwekundu: "informations" kaikata "s", "few questions" kaiongezea "a". Nikimuuliza sababu, ananijibu "ndivyo wanavyosema". Kuna mwenye maelezo?
Mdogo wenu, Sinza

> Kuna mwenye maelezo?

Mdogo wangu, shemeji yuko sahihi, ila kakunyima sababu. Mwaka wangu wa kwanza Manchester nilimwandikia mwenye nyumba: "I have little money for the deposit". Nilitaka ajue cha kuanzia ninacho. Yeye akasoma kwamba nimeishiwa, chumba akampa mwingine. "A little money", vijisenti vipo. "Little money", hata usihesabu.

Kwa hiyo isemee kwanza kwa Kiswahili. Kama moyoni unasema "yapo maswali machache", weka "a". Kama unasema "maswali si mengi", itoe. "Few" ni ya vinavyohesabika, "little" ni ya visivyohesabika.

Hiyo "informations" tunaibeba kutoka nyumbani: taarifa mbili, mizigo mitatu, samani nyingi. Mwingereza anavitazama kama mchele wa Kariakoo. Nani anaomba "michele miwili"? Unataja kilo. Naye ana kipimo chake: "two pieces of information", "three pieces of luggage". "Advice" haitakusumbua, maana hata sisi "ushauri" hatuuhesabu moja, mbili.

Halafu "-ingi" yetu inabeba watu na maji pamoja. Kwao ni "many people", "much water". Ukibabaika, "a lot of" inafaa kote kuwili.
Kaka yako, nimerudi Tabata

Naongezea kidogo. "Every" ni "kila" yetu kabisa: kila mtu, "every person", umoja. Wengi wetu tunateleza kwa "every students". Na "a" au "an" uamue kwa sikio, si kwa macho: "an hour", lakini "a university". Mimi niliandika "an university" kwenye fomu ya viza. Viza nilipata, aibu ninayo hadi leo.
Dada yenu, Mbezi

Asanteni sana, barua nimeituma upya. Ila kaka wa Tabata, kuhusu hela ya chumba, yangu ni ile "little" isiyo na "a".
Sinza