Naomba ushauri: tanuri la gesi la kufulia chuma

Wakuu, habari za kazi. Babu yangu alikuwa mhunzi, mimi najifunza ukubwani. Nimekuwa nikifua visu kwa mkaa na mvukuto, ila mkaa umepanda bei na jirani kachoka moshi, kwa hiyo nahamia gesi.

Nimekata bomba la chuma la inchi 8, urefu sentimita 35, nikakandika ndani udongo wa mfinyanzi. Nahisi hapo ndipo nilipochemka. Udongo unameza joto lote: dakika 40 nzima kipande cha springi ya gari bado chekundu cha kufifia, nikikigonga nyundo inadunda tu. Kuna anayejua wapi Dar wanauza lile blanketi jeupe la kuhimili joto, na je, lazima nilipake kitu juu ili nisivute nyuzi zake puani?

Tatizo la pili ni moto wenyewe. Regulata ya jikoni haisukumi kitu, nikaazima ya presha kubwa. Sasa nikipunguza gesi kidogo, moto unarudi ndani ya bomba la kuchanganyia hewa kwa mlio wa "bwaa!" Juzi nusura nikimbie bila ndala. Bomba hilo ni la inchi robo tatu, tundu la gesi milimita 1. Nipunguze tundu au nipunguze hewa?

Halafu mtungi wa kilo 15 unaota barafu nje baada ya muda. Niutumbukize kwenye beseni la maji ya kawaida, au nichukue mkubwa zaidi?

Nafanyia uani, chini ya bati, pande zote wazi.