Hilux: kuongeza jani la springi la mtumba

Wakuu, Hilux yangu inalala nyuma ikibeba mzigo. Nimepata springi orijino za Hilux iliyokatwa. Niongeze jani moja (bamba moja la chuma la springi) kila upande?

— Ongeza, mkuu, ila upana ulingane. Sugua kutu, kagua kuzunguka tundu la bolti ya katikati. Nyufa huanzia hapo. Usilichomelee wala kulipasha moto, litalegea. Yuboti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) nunua mpya, ndefu zaidi. Za zamani zimeshavutika. Zikaze tena baada ya safari za mwanzo.

— Bolti za bushi (mipira ya kwenye ncha za springi) kaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo mpira unajinyonga na kukatika mapema.

— Kama ina vavu ya breki yenye fimbo kwenye ekseli ya nyuma, irekebishe. Gari likiinuka, vavu inasoma kuwa halina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Hiyo ni hatari kweli.