Mdogo wangu kashikwa na Kawunyemu (polisi wa hapa Uganda wanaopima madereva ulevi) Ijumaa usiku, bado yuko selo. Haki zake ni zipi?

MamaShamim_Bombo:
Jamani naombeni ushauri wa haraka. Mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka kwanjula (sherehe ya kutambulishana wachumba) njia ya Jinja, Ijumaa usiku kama saa nne hivi, akakuta trafiki wameweka kizuizi, wale wa Kawunyemu. Wakamwambia puliza, akapuliza, afande akaangalia kimashine akasema umelewa wewe, 0.42, basi ikaishia hapo, hakuonyeshwa namba wala hakupewa karatasi yoyote. Wakachukua funguo, simu na pamiti ya udereva wakampakia kwenye patrol na wenzake mpaka kituoni. Yeye anasema alikunywa bia mbili tangu jioni na alikuwa ameshiba. Leo Jumamosi jioni nimempelekea chakula, nimemwona kidogo tu, halafu yule wa kaunta ananiambia bond (dhamana ya polisi) ni laki mbili, nisipoleta atalala huko mpaka Jumatatu au hata Jumanne kwa sababu mahakama hazifungui wikendi. Nitoe hiyo pesa? Na kweli wanaweza kumweka siku zote hizo? Mimi sitetei pombe, tumezika watu wengi mno kwa ajili ya madereva walevi, lakini nataka kujua sheria inasemaje. Mke wake ana mimba kubwa na hajalala tangu jana.

Dereva_wa_Malaba:
Pole sana mama. Hiyo laki mbili USITOE. Bond ya polisi ni bure, vituo vingine wameibandika hata ukutani na watu wanapita bila kusoma. Wanachotaka kisheria ni mdhamini, yaani wewe au mtu mwingine anayejulikana, uende na ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) yako na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kwenu, ukiwa na mtu wa pili ni vizuri zaidi. Usiongee na huyo wa kaunta peke yake, omba kumwona OC (mkuu wa kituo) au anayekaimu wikendi hii. Nenda kwa upole, afande naomba bond ya ndugu yangu, wadhamini ni hawa hapa. Akirudia habari ya pesa mwombe risiti ya serikali, utaona sauti inabadilika.

Kijana_Arua:
Mwambieni akatae kesi kabisa, hicho kimashine mahakama ilishakifuta, nilisoma alkoblo ni haramu.

MsomiWaSheria_Mbale:
Kijana, hiyo ni Kenya. Mahakama ya Rufaa ya kule ilitupa kanuni zao za alkoblo mwaka 2017 kwa sababu zilikuwa hazilingani na Sheria ya Trafiki yao wenyewe. Huku kwetu haina nguvu, tuna sheria yetu ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 na kanuni za kiwango cha pombe za 2004, zote zipo na zinafanya kazi. Mtu akisimama mbele ya hakimu wa Uganda na hoja ya Nairobi atajiumiza bure.

Sasa mama Shamim, sikiliza vizuri. Katiba ibara ya 23 inasema aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa, aambiwe ana haki ya wakili, ndugu zake wajulishwe mapema na waruhusiwe kumwona, wakili wake na daktari wake pia. Na afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isipite saa 48. Katiba haijasema saa 48 za siku za kazi. Kama alishikwa Ijumaa saa nne usiku basi hesabu inaisha Jumapili saa nne usiku. Wakisema mahakama zimefungwa, jibu lao ni bond. Saa zikipita bila bond wala mahakama, unaweza kwenda kwa hakimu wa eneo hilo Jumatatu asubuhi ukalalamika na yeye akaamuru aachiliwe. Tena kuna sheria ya 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu, askari anayekanyaga haki ya mtu anaweza kuwajibishwa yeye binafsi. Sikwambii uende kuwatishia nayo, nakwambia ujue.

Kitu kikubwa kwenye kesi yako ni hiyo 0.42. Vimashine havisomi kwa kipimo kimoja. Kanuni zetu zinaruhusu mpaka miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, au mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, au miligramu 107 kwa mililita 100 za mkojo. Sasa kama kimashine kilisoma miligramu kwa lita ya pumzi, 0.42 ni mikrogramu 42, amepita. Lakini kama kilikuwa kinasoma gramu kwa lita ya damu, 0.42 hiyo hiyo ni miligramu 42, yuko chini ya 80 na kwa kosa la kuzidi kiwango hana kesi. Namba moja, majibu mawili tofauti kabisa! Ndiyo maana karatasi ya kimashine yenye kipimo, saa na namba ya kifaa ni muhimu kuliko kelele zote.

Nesi_Tororo:
Naongeza upande wa mwili maana watu wanadanganyana sana. Bia mbili si kitu kidogo kama mnavyosema. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5.6 ina pombe safi kama gramu 22, mbili ni 44, mwanaume wa kilo 70 akizinywa harakaharaka anaweza kufika zile miligramu 80 za damu au kupita. Kama alizinywa polepole tangu jioni na chakula, anaweza kuwa chini. Mwili unapunguza kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, kahawa haisaidii, kuoga maji baridi hakusaidii, kula baada ya kulewa hakusaidii. Kwa hiyo kumpima damu leo jioni hakutaonyesha kitu, imeshatoka. Pia mtu aliyemeza pombe dakika chache kabla ya kupuliza, ile iliyobaki mdomoni inapandisha namba, inafaa kungoja kama dakika 15 halafu apulize tena. Na kile kimrija cha kupulizia kiwe kipya, kifunguliwe mbele yako, hilo unaruhusiwa kuliomba bila ugomvi.

Boda_Iganga:
Je mtu anaweza kukataa kupuliza? Jamaa zangu wanasema ukikataa hawana ushahidi.

MsomiWaSheria_Mbale:
Wanakudanganya. Kukataa bila sababu ya maana ni kosa lenyewe peke yake. Halafu kuna kosa jingine ambalo halihitaji kimashine hata kidogo, kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, hapo afande anakuja kueleza jinsi ulivyokuwa unayumba na hakimu anasikiliza. Unapuliza, unaomba kuona namba, unakariri jina na namba iliyoko kifuani mwa askari. Maelezo ndiyo unaweza kuyanyamazia mpaka wakili aje, na usitie sahihi karatasi usiyoisoma au usiyosomewa kwa lugha yako.

MamaShamim_Bombo:
Mungu awabariki. Nimerudi na barua ya LC na shemeji yangu, tukamkuta mkubwa wao, nikaomba bond kama mlivyonifundisha. Hakuna aliyetaja laki mbili tena. Ametoka, gari tumepewa likaendeshwa na shemeji ambaye hanywi. Anatakiwa kuripoti Jumatano. Karatasi ya kimashine wanasema iko kwenye faili. Wengine walioshikwa naye wanamwambia akubali kosa tu, alipe faini yaishe.

Dereva_wa_Malaba:
Alhamdulillahi. Ile fomu ya bond msiipoteze, na Jumatano awahi, akichelewa wanamrudisha ndani.

MsomiWaSheria_Mbale:
Asikubali kitu asichokiona. Akifikishwa mahakamani aombe kwanza kuonyeshwa ushahidi, Mahakama ya Katiba ilishasema mshtakiwa ana haki hiyo. Akiona karatasi inasema miligramu kwa lita ya pumzi, basi amezidi, akubali kwa heshima aombe huruma ya hakimu. Kama karatasi haipo au kipimo hakijaandikwa, akane, na Justice Centres Uganda wanasaidia bila malipo wasio na uwezo, muwaone kabla ya Jumatano. Hakimu akitaka dhamana ya pesa taslimu, hiyo inarudishwa kesi ikiisha, tunzeni risiti. Na ikiwa ni faini, inalipwa benki kwa PRN (namba ya malipo ya serikali), si mkononi mwa mtu yeyote.

MamaShamim_Bombo:
Nimeandika yote. Jumatatu asubuhi tunaenda kwa hao Justice Centres.