Mkimbizi akikamatwa Eastleigh Ijumaa jioni, saa 24 zinahesabiwaje?

Dirisha12
Jamani, msako ukipita Eastleigh, Nairobi, Ijumaa jioni, akachukuliwa mkimbizi Msomali ambaye hati yake ya kusafiri kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab bado haijaisha muda, polisi wanaruhusiwa kumweka seli mpaka lini? Na jamaa zake waanzie wapi?

Karani
Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ila zikiishia siku ambayo mahakama imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu jioni. Kwa hiyo jamaa waandike saa aliyokamatwa, si saa aliyofika kituoni, kisha waulize namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Asipoandikwa OB hakuna karatasi inayoonyesha yuko pale, na hapo ndipo bei za kando huanzia. Ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Kisomali kikihitajika, wadai mkalimani.

Shungi
Mkague majina pia. Kitambulisho kikisema Maxamed Cabdi na hati ikasema Mohamed Abdi, ni mtu yuleyule, lakini afisa asiyejua tahajia ya Kisomali atashikilia hapohapo. Majina yarekebishwe kabla ya safari. Picha za hati, pande zote mbili, zibaki kwa ndugu: wakati wa Usalama Watch, ule msako mkubwa wa polisi wa Aprili 2014, hata wenye karatasi halali walifungiwa uwanja wa Kasarani.

Wakili Mtaani
Msiwaze kituoni tu. Tarehe 26 Julai 2013 Mahakama Kuu ilifuta agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi wa mijini, na 9 Februari 2017 ikazuia Dadaab kufungwa. Kesi zote mbili Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikuwamo. Serikali ilishindwa zote mbili, kwa hiyo nanyi tunzeni ushahidi. Ombi la haki chini ya ibara ya 22 halilipiwi ada ya kufungua, na haki ya kuomba mtu aliyeshikiliwa aletwe mbele ya jaji wa Mahakama Kuu haiwezi kuwekewa mipaka, hata kwa jina la usalama.

Dirisha12
Asanteni. Na wakidai pesa za dhamana?

Karani
Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika mahakamani, ni bure. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti rasmi, yenye jina lake na kiasi. Bila risiti, pesa hizo ni hongo, na hazirudi hata kesi ikifutwa.